Kambi ya Wasichana Kanisani: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Shughuli za Imani

Likizo ya Juni ikikaribia, na ile ya Desemba vilevile, simu yangu hujaa jumbe za walezi wa wasichana kutoka sharika za jirani. Maswali hayapishani sana. Nimeona niyaandike pamoja na majibu yake, ili mwenye kuandaa kambi kwa mara ya kwanza asianze gizani. Mimi ni mlezi katika usharika wa Kilutheri hapa Tanzania. Kambi zetu nyingi tumezifanyia Lushoto, kwenye Milima ya Usambara, na wasichana wanaokuja wana umri wa kati ya miaka 10 na 18. Aya ninazotaja ni za Biblia ya Union, maana ndiyo wanayokuja nayo.

Tunaanzaje kuchagua neno kuu la kambi?

Anzeni na habari moja, msianze na mada. "Binti wa Mfalme" ni mada. Inapendeza kwenye fulana, lakini ikifika siku ya pili mlezi hana la kusema ambalo hakulisema siku ya kwanza. Habari ina watu, ina njia na vumbi, ina swali ambalo msichana atalala nalo.

Kwa kambi ya kwanza napendekeza Marko 5, kuanzia aya ya 21. Yairo anakuja kumwombea binti yake aliye kufani. Njiani, mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi la Yesu. Na yule binti, Marko anatuambia mwishoni, ana umri wa miaka 12. Msiwaambie. Waacheni wasome wenyewe kwa vikundi, polepole, na mara nyingi yupo mmoja atakayeinua kichwa na kusema, "Kumbe mama huyu alianza kuumwa mwaka ule ule mtoto alipozaliwa!" Mkifika hapo, somo limeshafundishwa na msichana, na wenzake watalikumbuka kuliko lolote mtakalosema ninyi.

Kisha kuna lile neno la Yesu, "Talitha, kumi." Kwa sikio letu kumi ni hesabu, kwa hiyo watacheka. Wacheke. Halafu waambieni kwamba ni Kiaramu, lugha ya nyumbani ya yule mtoto, na kwamba maana yake ni "Msichana, inuka." Sisi tuliwagawa wasichana katika makundi ya watu kumi kumi kwa sababu ya neno hilo, na kila asubuhi mmoja wa kundi aliwaamsha wenzake kwa kuwaita majina, mmoja mmoja, bila kengele wala filimbi.

Msiiruke aya ya mwisho, ambayo wahubiri wengi huiruka: Yesu aliamuru yule mtoto apewe chakula. Kambi nzima inaweza kusimama juu ya aya hiyo. Kila kundi linapata siku yake ya kuwapikia wengine, na chakula kinapakuliwa kwa kuanzia na wadogo.

Kambi ni ya siku nne. Tuweke shughuli ngapi?

Mbili kwa siku, basi. Moja ya asubuhi ya mikono, moja ya jioni ya utulivu. Ratiba nyingi ninazotumiwa zina vipindi saba, na vitano kati ya hivyo ni mtu mzima amesimama mbele anaongea. Wasichana hawa wanakaa darasani miezi tisa au kumi kwa mwaka wakisikiliza. Imani wanayoihitaji kambini ni ile wanayoweza kuishika, kuinusa, kubishana nayo na kuulizia. Mahubiri yawepo, na mchungaji wetu anajua: dakika 20, mara moja kwa siku.

Shughuli gani imeshika kwelikweli?

Hamira. Nikiambiwa nichague moja tu, nitachagua hii.

Somo ni Mathayo 13:33, mwanamke aliyetwaa chachu akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Andaeni unga wa ngano, chumvi, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu na hamira. Paketi moja ndogo inatosha kilo moja. Kila kundi likande kinyunya katika mabeseni mawili. Beseni la kwanza lina hamira. La pili halina, lakini msiseme ni lipi. Yafunikeni kwa kitambaa, mkaendelee na mengine.

Lushoto mwezi wa Juni kuna baridi. Kinyunya ambacho Dar es Salaam kingeumuka kwa saa moja, huku kitataka saa mbili, wakati mwingine zaidi, tena kikae karibu na jiko. Hapo ndipo penye faida yake. Wasichana wanakwenda kuchungulia. Wanarudi. "Mama, halijafanya kitu." Wanakwenda tena. Nakumbuka binti mmoja mdogo aliyekaa kando ya beseni lake tangu mwanzo, mikono ameificha kwenye sweta, akafunua kitambaa kwa ncha ya kidole na kukuta kinyunya kimepanda hadi kwenye ukingo. Hakupiga kelele. Alikibonyeza kikashuka, akainua macho kuniangalia kama mtu aliyegusa kitu kinachopumua.

Wakati wa kusubiri ndio wakati wa mazungumzo. Ulizeni: kwa nini imeandikwa aliisitiri, yaani aliificha? Nani ameona hamira ikifanya kazi, au sisi huona tu matokeo? Ni jambo gani jema nyumbani kwenu ambalo mtu alilianza bila mtu mwingine kumwona? Majibu ya swali hili la tatu yatawafundisha ninyi walezi. Kwetu walitaja bibi anayeamka saa kumi usiku kuwaombea, na dada wa kazi aliyemfundisha mmoja wao kusoma.

Pishi nayo muieleze, maana wengi wa kizazi hiki hawaijui. Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo pishi tatu ni vibaba 12. Kipimo cha Kiyunani kilichotafsiriwa hapo ni kikubwa kuliko pishi yetu, jumla yake inapita lita 30. Pangeni ndoo mbili za lita 20 zilizokaribia kujaa, waone. Mwanamke yule hakuwa anaoka mkate wa watoto wake tu, alikuwa analisha kijiji. Mkate okeni kwenye sufuria nzito yenye mfuniko, makaa chini na juu. Kile cha beseni la pili kiokeni pia, wakionje.

Tuna wadogo wa miaka 10 na 11. Wanahitaji kitu cha kukimbiakimbia.

Luka 15:8, mwanamke aliyepotewa na shilingi moja kati ya kumi. Watafsiri wetu waliandika "shilingi" wazi kabisa, na mtoto anaielewa papo hapo. Ficheni sarafu moja kwenye chumba chenye giza, au kwenye uwanja mliomwaga majani makavu. Mpeni kila mmoja fagio la chelewa. Wafagie kweli, wasipapase tu, kwa sababu mwanamke yule alifagia. Atakayeiona asipewe zawadi peke yake: anaita wenzake, kama yule alivyoita rafiki na jirani zake, na furaha inakuwa ya wote. Sisi tuliwapa miwa.

Chumba kitabaki safi pia, na hilo ni jema.

Wanawali kumi na taa zao: tunaogopa moto. Kuna namna?

Mna haki ya kuogopa. Mafuta ya taa na vibatari msivitumie kabisa na watoto. Nywele za kusukia za bandia hushika moto upesi na huyeyukia kwenye ngozi. Mlezi yeyote wa wasichana aliweke hilo kichwani kabla hajawasha hata mshumaa.

Namna ninayoiamini ni taa ya mafuta ya kula. Kibakuli kidogo cha udongo, utambi wa pamba uliosokotwa, mafuta ya alizeti. Ndivyo taa za wakati ule zilivyokuwa, ila zao zilitumia mafuta ya zeituni. Mafuta ya kula hayalipuki, na kibakuli kikianguka kwenye mchanga mara nyingi mwali hufa. Hata hivyo fanyeni nje, juu ya mchanga, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha pamba, ndoo za maji na mchanga ziwe tayari, na mtu mzima awepo kwa kila taa tano. Kama hamna watu wazima wa kutosha, tumieni tochi za sola na mshinde bila wasiwasi.

Nusu ya taa zipewe kijiko kimoja cha mafuta, nusu vijiko vitano. Washeni jua likizama, kisha kaeni kimya mkizitazama. Ya kwanza ikizimika utasikia pumzi. Halafu waulizeni swali linalowakera wote katika Mathayo 25: kwa nini wanawali wenye busara hawakuwagawia mafuta wenzao ambao taa zilikuwa zinazimika? Wasichana waliolelewa kugawana kila kitu hukasirika hapo. Mmoja alituambia kwamba nyumbani angefanya vile angechapwa. Msikimbilie kumtetea Bwana arusi. Waacheni wabishane hadi wenyewe wafike pale penye vitu ambavyo mtu hawezi kukopa kwa mwenzake. Wasipofika usiku huo, watafika siku nyingine.

Kuna shughuli ya kazi za shambani? Wasichana wetu wa mjini hawajawahi kushika jembe.

Ruthu, sura ya 2. Kama kuna mkulima jirani aliyevuna maharage, mwombeni awaache wasichana wakaokote masazo kama Ruthu alivyookota nyuma ya wavunaji wa Boazi. Wayapure kwa fimbo juu ya turubai, wapepete kwa ungo. Kupepeta ndiko kutakakowashinda, na ni vizuri washindwe kidogo mbele ya mama wa kijijini anayepepeta huku anaongea, ungo unaruka mikononi mwake, makapi yanakwenda na upepo na maharage yanarudi.

Kisha pimeni. Ruthu alipata kama efa moja ya shayiri, kipimo kinachozidi debe letu kwa kidogo. Leteni debe. Msichana aliyeokota tangu asubuhi akipata kikombe na nusu, kisha akatazama debe lile, hamhitaji kumweleza bidii ni nini, wala ukarimu wa Boazi aliyewaagiza vijana waangushe masuke makusudi.

Kuna jambo moja dogo katika aya ya 14 na ya 18: Ruthu alikula akashiba, akasaza, na alichosaza akampelekea mkwewe. Nilikuwa nalisoma kila mwaka bila kuliona, mpaka siku moja nikamwona binti wa kambini akifunga andazi lake kwenye leso na kulitia chini ya mto. Siku ya nne lilikuwa gumu kama jiwe. Alikuwa anampelekea mdogo wake. Tangu hapo siku ya mwisho tunakaanga maandazi ya kubeba, mawili kwa kila mmoja, na hakuna anayeulizwa ni ya nani.

Tupeni wazo la kazi ya mikono ambayo si kadi wala shanga.

Kanga. Wasichana wetu wamefunikwa kanga tangu siku waliyozaliwa, lakini wachache wanajua kuisoma. Tandikeni moja mezani muwaonyeshe: huu unaozunguka ni upindo, au pindo, hapa katikati ni mji, na haya maandishi ni jina. Kisha fungueni Mathayo 9:20. Mwanamke yule yule wa Marko 5, Mathayo anasema aligusa upindo wa vazi. Ni neno lile lile walilojifunza dakika tano zilizopita, na mtaona vidole vikienda vyenyewe kwenye ukingo wa kanga iliyo mezani.

Kila msichana apewe kipande cha marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kama mita moja, na atengeneze kanga yake. Mhuri wa kiazi kilichokatwa nusu na kuchongwa unatosha kwa pindo. Rangi iwe ya kitambaa, ya maji itatoka ikifuliwa. Kazi yenyewe iko kwenye jina. Sheria zetu ni mbili: lisizidi maneno sita, na liwe lako, usinakili aya. Hapo ndipo wanapokaa na penseli mdomoni. Jina la kanga haliwezi kuwa hotuba, na huwezi kulivaa kama hulimaanishi. Mmoja aliandika "Aliyeniita anajua jina langu." Mwingine, aliyefiwa na mama mwaka ule, aliandika "Nalia na bado naimba." Alipolianika lile jina kwenye kamba, wenzake walisimama chini yake wakalisoma kimya.

Tengeni asubuhi nzima, na nyingine ya kukauka. Ukungu wa Usambara haukaushi kitu haraka.

Wakubwa wa sekondari wanaona michezo ni ya watoto. Tuwape nini?

Wapeni kesi. Hesabu 27: mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao amekufa bila mwana wa kiume, na sheria haiwapi urithi. Wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, na kudai. Musa hana jibu. Anaipeleka kesi kwa Bwana, naye Bwana anasema mabinti hao wamenena lililo haki.

Igizeni mahakama. Watano wawe mabinti, mmoja awe Musa, wengine wawe ndugu za baba wenye kutaka shamba. Ndugu hao wajiandae vizuri, wasiwe mabwege, maana kila msichana hapo anawajua baba wadogo na wakubwa wa kweli na hoja zao: mwanamke ataolewa, ardhi itatoka kwenye ukoo. Baada ya mchezo waambieni kuhusu nchi yao: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kama usharika una mwanasheria, mleteni akae nao saa moja ya maswali.

Na msiifiche sura ya 36. Wazee wa kabila wanarudi, na mabinti wanaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Mkiishia sura ya 27, yupo atakayesoma mbele mwenyewe na kujua mlimficha. Nilifanya hivyo mwaka mmoja, na binti wa kidato cha tatu akaniuliza mbele ya wote kwa nini nilisimama pale. Alikuwa sahihi, nikamwambia hivyo. Siku hizi wanasoma sura zote mbili na wanaachiwa wahukumu.

Usiku tufanye nini badala ya mkesha?

Nyota. Zimeni taa zote, tandikeni mikeka, wapewe mablanketi, walale chali. Zaburi 147:4 inasema Mungu huihesabu idadi ya nyota na kuzipa zote majina. Waacheni wajaribu kuhesabu kipande kimoja tu cha mbingu.

Mwezi wa Juni, yapata saa mbili usiku, tazameni kusini: Msalaba wa Kusini umesimama juu ya upeo, nyota nne angavu. Desemba, kama mawingu ya vuli yakiruhusu, tazameni kaskazini-mashariki mtafute kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ni Kilimia, ambacho wazee wetu walikipa jina kutokana na kulima, na walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kisha someni Ayubu 38:31, Mungu akimwuliza Ayubu kama aweza kuufunga mnyororo wa Kilimia. Jina lile lile la wakulima wetu limo kwenye Biblia. Orioni, anayetajwa kwenye aya hiyo hiyo, naye atakuwa anapanda mashariki. Juni msiwatafute hawa wawili jioni, hawaonekani.

Baada ya nyota, kulala. Msichana aliyepata usingizi wa saa nane atasikia somo la asubuhi.

Je, tuwatembeze? Tumesikia Irente, kule ukingoni mwa milima karibu na Lushoto, kunapendeza.

Kunapendeza sana. Ukingo unaanguka hadi tambarare ya Mazinde chini kabisa, na Zaburi 121 ikisomwa pale haihitaji mhubiri. Nendeni asubuhi, mkitembea kimya nusu ya njia. Mkifika, walezi wakae upande wa ukingo, wasichana upande wa ndani, na picha zipigwe mkiwa mmekaa. Hilo halina mjadala.

Hedhi kambini: tunalizungumziaje, au tunyamaze?

Msinyamaze. Katika wasichana 40, wapo watakaokuwa kwenye siku zao, na yupo ambaye itamjia kwa mara ya kwanza hapo hapo kambini, mbali na mama. Kila choo kiwe na ndoo ya maji, sabuni, chombo chenye mfuniko, na pedi mahali ambapo hahitaji kuomba. Jioni ya kwanza mlezi aseme wazi viko wapi.

Mkiwa mnasoma Marko 5, tayari mnalo somo. Mwanamke yule, kwa Sheria ya Walawi 15, alihesabiwa najisi miaka 12, na kila alichokalia vilevile. Yesu alimwita "Binti" mbele ya umati. Wasichana wanaoambiwa mitaani kwamba wasiguse mboga wala wasipande mti wakati wa hedhi wanalielewa hilo upesi kuliko wachungaji.

Kisha Matendo 9:36, Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Shoneni taulo za kike za kufua: flaneli au pamba tabaka tatu nne, kitambaa kisichopitisha maji chini, kishikizo cha kubana. Kila msichana ashone tatu, moja yake na mbili za shule ya jirani. Mwalimu wa kike wa shule hiyo azipokee, bila sherehe na bila kupiga picha watoto wanaopewa.

Mhubiri mgeni anataka usiku wa toba, na wasichana wafunge. Mnaonaje?

Hapa nitasema bila kuzunguka. Msiwaite wasichana mbele kuungama dhambi zao hadharani. Mambo yanayotamkwa usiku ule yanafika shuleni Jumatatu. Nimeshuhudia usiku wa namna hiyo, wasichana 30 wakilia kwa sauti hadi saa saba, na watu wazima wakishangilia kwamba Roho ameshuka. Wiki mbili baadaye mmoja wao aliniambia, "Shangazi, nililia kwa sababu wote walikuwa wanalia, niliogopa kuonekana sina Mungu." Sijaliondoa neno hilo moyoni. Toba iwe na mahali pake: karatasi ndogo anayoiandika peke yake, isiyosomwa na mtu, anaitia mwenyewe kwenye moto wa kambi. Anayetaka kuongea na mchungaji akaongee mahali panapoonekana na wengine, ingawa hapasikiki.

Kufunga, hapana. Wapo wenye vidonda vya tumbo, wenye kisukari, wanaomeza dawa zinazotaka chakula na hawajawaambia wenzao. Mwenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) akikosa maji au akipigwa na baridi anaweza kuingia kwenye maumivu makali usiku huo huo. Fomu ya mzazi iulize yote haya, asome mlezi mmoja tu, na dawa zigawiwe bila hadhira. Mwenye selimundu alale mbali na dirisha, apewe blanketi la ziada na maji muda wote.

Msichana akitufichulia jambo zito, la kuumizwa nyumbani au shuleni?

Itatokea, hasa baada ya shughuli zenye utulivu. Msimwahidi siri. Mwambie: "Nimekuamini, huna kosa, na nitatafuta watu wa kusaidia." Usimhoji kama polisi, usimwite mtuhumiwa, usikubali wazee wayamalize kanisani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na lililotendeka ni kosa hata kama mtendaji ni mzee wa kanisa. Simu namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, bila malipo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba hiyo ibandikeni bwenini, mlangoni kwa ndani.

Wanakuja na Wasabato, Wakatoliki, hata binti wa Kiislamu rafiki wa mmoja wao.

Karibu wote. Jiko lisipike nguruwe, kuku wachinjwe na jirani Mwislamu (Lushoto hawakosekani), na Jumamosi shughuli za kazi ziwe za hiari. Binti wa Kiislamu mzazi wake ajue wazi kambi ni ya nini. Asilazimishwe kuomba kwa sauti, na akitaka kuswali aonyeshwe mahali na maji. Mmoja wa namna hiyo alikuwa hodari wa kupepeta kuliko wote.

Tuoanishe kila mchezo na aya?

Hapana. Rede ibaki rede. Kamba ibaki kamba. Mtoto akiruka kwa furaha jioni hamhitaji kumsimamisha kumweleza kwamba Daudi naye aliruka.

Simu?

Zikae kwa mlezi, zitoke nusu saa jioni kumsalimu mama. Kuna kazi moja inayozihitaji, na ifanyike kabla ya kuondoka nyumbani: 2 Timotheo 1:5, imani iliyokaa kwanza katika bibi Loisi na mama Eunike. Kila msichana amrekodi bibi yake, au mzee wa kike yeyote wa karibu, akijibu swali moja: "Bibi, ni lini Mungu alikusaidia ukajua ni yeye?" Dakika tatu. Kambini zinasikilizwa kuzunguka moto, usiku wa mwisho. Utasikia Kisambaa, Kichaga, Kinyakyusa, na wajukuu wakitafsiri kwa kukwama. Pangeni muda mrefu, maana wataomba kurudia.

Vifaa gani tusivisahau?

Masufuria mazito mawili yenye mifuniko, mabeseni, hamira ya akiba, mafagio ya chelewa, nyungo tatu, debe, turubai, marekani, rangi ya kitambaa, viazi, sindano na uzi, flaneli, vibakuli vya udongo, mchanga, mikeka, mablanketi zaidi ya mnayodhani yanatosha, pedi, sanduku la huduma ya kwanza, na orodha ya simu za wazazi iliyoandikwa kwenye karatasi, maana betri huisha. Nunueni unga Tanga au Mombo mkipita, kabla gari halijaanza kupanda.